Breki ya Upande wa Mwalimu

Watu wananisimamisha njiani kuniuliza kama bado nina moyo wa kusimulia. Moyo ninao. Kilichoisha ni magoti.

Kwa aliyekosa ya nyuma, nitamwonjesha kidogo. Mume wangu na mimi tulifundisha watu kuendesha gari mpaka tukazeekea kazini. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi namwita hivyohivyo, maana kabla hajawa mume wangu alikuwa mwalimu wangu. Sasa Mwalimu anasahau. Alianza na funguo, akaenda kwenye majina ya wajukuu, akamalizia na langu. Siku hizi ananiita dada. "Dada, chai iko wapi?" Nami nampa chai.

Niliishia pale wanangu wawili walipokaa kwenye makochi yangu, wakanywa chai yangu, wakatugawa kama vyombo vya msiba. Baba kwa kaka, mama kwa dada. Na gari letu la kwanza, lililolala uani chini ya turubai, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kesho yake mchana mwanangu angekuja kumbeba baba yake, na lori lingekuja kulibeba gari.

"Mtakuwa mnaonana, Mama," mwanangu alinituliza. "Mwisho wa mwezi, nafasi ikipatikana."

Sikulia. Nilikusanya vikombe nikaviosha. Watu hudhani mwanamke anayeosha vikombe amekubali.

Haya. Sasa sikilizeni ya kesho yake.

Asubuhi nilimkuta Mwalimu uani, amesimama mbele ya turubai kama mtu anayesubiri kufunguliwa ofisi. Alikuwa amevaa shati lake la kazi. Nilipompapasa kifuani nikakuta vifungo vimepishana, vya juu vimeingia chini, nikamfungia upya.

"Dada," akasema, "leo kuna mwanafunzi?"

Swali hilo ananiuliza kila asubuhi. Na kila asubuhi namjibu kwamba leo ni mapumziko, namshika mkono, tunaingia ndani. Anakaa, anainama, anakuwa mdogo.

Siku hiyo ulimi wangu ulikataa.

"Yupo."

"Nani?"

"Mimi."

Alinitazama juu mpaka chini, kwa dharau ile ya zamani niliyodhani imekwisha kuzikwa.

"Umechelewa," akasema. "Halafu na ndala hizo hatuendeshi. Kavae viatu."

Nilirudi ndani mbio, mbio za mtu wa umri wangu, yaani nikishika ukuta. Nilikaa kitandani kufunga kamba za viatu na moyo unanidunda kama msichana aliyeitwa nje na mchumba. Nilijua nafanya nini. Asije mtu akasema nilichanganyikiwa.

Niwaambie juu ya gari lile, maana wanangu wamelitangaza kwenu kama chuma chakavu.

Mimi nililiita mke mwenza. Mwalimu alilinunua kabla hatujanunua kitanda. Sisi tulilala kwenye mkeka, gari likalala nje limefunikwa shuka ambalo sisi wenyewe tulilihitaji. Rangi yake ilikuwa ya kiini cha yai. Honi yake ilikohoa kwanza, ndipo ikalia. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa wale tu waliojua pa kuupiga ngumi. Na ndani mlinukia petroli, ngozi, na mafuta ya nywele ya kila mwanafunzi aliyewahi kuegemea kile kiti akitetemeka.

Lilikuwa na pedali pande mbili, kama magari yote ya kufundishia. Za upande wa mwalimu, klachi na breki, Mwalimu alizichomelea mwenyewe kwa vyuma vya kitanda kibovu alichokiokota. Ndiyo maana huwa nasema kitanda chetu cha kwanza kilikuwa chini ya miguu yetu.

Na lilikuwa na sheria moja. Mwalimu akigonga dashibodi mara mbili, ko, ko, maana yake: gari ni langu sasa. Mwanafunzi ananyanyua miguu yote miwili papo hapo na kusema, "Chukua." Hakuna kuuliza. Hakuna "lakini Mwalimu". Ukibisha unashuka, unarudi kwenu kwa miguu.

Siku yangu ya kwanza alinigongea kwenye kona ya kwanza. Nilikuwa msichana mwenye pua juu. Nikabisha. Nilirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, nikimtukana njia nzima. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika kwenye foleni.

Wanangu wote wawili walitoka hospitali ya wazazi kwa gari lile. Wa kwanza alipoanza kukaa mwenyewe alipenda kiti cha nyuma, peke yake, mikono juu ya magoti, anatazama nje kama mtu mwenye dereva. Tukambandika jina Bosi. Bosi alijifunza kuendesha mlemle, kwa baba yake, akigongewa dashibodi kama mtoto wa watu. Dada yake alikataa, akasema baba ana kelele, akajifunza kwingine.

Leo Bosi ni mkaguzi wa ajali wa kampuni ya bima. Anavaa viatu vinavyosikika kabla hajafika. Na ndiye aliyemwita mnunuzi wa vyuma.

Fundi wa mtaani, ambaye naye alipita mikononi mwetu, nilimwita kimyakimya jioni ileile, wanangu walipoondoka. Aliweka betri, akasafisha kabureta, akamwaga petroli mpya. Injini ilipowaka alinitazama kwa muda.

"Mama, gari litakwenda," akasema. "Wewe ndiye sijui."

Nilimcheka. Nilidhani anasema magoti.

Tulivuta turubai, Mwalimu na mimi, vumbi likatukohoza. Hapo ndipo pakatokea kichekesho. Tulikwenda wote wawili mlango mmoja.

Si makosa yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa upande wa mwanafunzi tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Tukasukumana mabega pale mlangoni kama watoto wanaogombea dirisha.

"Mwanafunzi anakaa kule," akanionyesha.

"Lakini mimi pia ni mwalimu."

"Wote wananiambia hivyo siku ya kwanza. Zunguka."

Mpango wangu ulikuwa mwingine. Nilitaka yeye ashike usukani mara moja ya mwisho, mimi nikae na breki ya upande wa mwalimu, nimlinde. Lakini alikwisha ingia, amejiweka sawa, nami nilipoupapasa mguu wake wa kulia nikaukuta umekaa juu ya breki bila kuigusa, umeelea, kama zamani. Mtu asiyekumbuka jina la mkewe, mguu wake ulikumbuka pa kukaa.

Ningefanya nini? Nikazunguka.

"Kioo," akasema.

Nikarekebisha kioo.

"Gia. Usiminye klachi kama unaua mende. Taratibu. Haya, twende, mwanafunzi."

Mwanafunzi. Hakuniita dada. Siku zote za ndoa yetu, alipotaka kunibembeleza, neno lake lilikuwa hilo. Nilitoka uani nimeuma midomo.

Barabara ilikuwa tulivu. Mke mwenza alitikisika, akakohoa, kisha akakumbuka kazi yake. Nilikwenda polepole, nikifuata ukingo wa barabara niliouzoea kuliko mistari ya kiganja changu. Mwalimu alikaa wima. Sauti yake ilirudi, ile nzito iliyowahi kumliza askari mzima.

"Unaendesha vizuri," akasema. "Ila una kiburi. Niliwahi kuwa na mwanafunzi mmoja wa namna yako."

"Akawaje?"

"Mbishi. Nikamshusha. Akavua viatu akaenda kwa miguu, ananitukana kwa sauti, wala hajali watu."

"Nawe ukaenda zako."

"Niende wapi? Mtoto wa watu, jua kali vile? Nilimfuata nyuma na gari. Polepole, kwa mbali, mpaka nikaona ameingia kwao." Alicheka peke yake. "Hakugeuka hata mara moja. Angegeuka angeniona."

Jamani.

Tumeishi pamoja, tumelea, tumezika wazazi, tumegombana mpaka vyombo vikaruka. Hakuwahi kuniambia hilo. Mimi maisha yangu yote nimejua kwamba siku ile nilitembea peke yangu.

"Aliitwa nani?" nikamuuliza.

Alifikiri. Nilisikia anavyofikiri, pumzi inaingia na kutoka.

"Alikuwa mbishi," akasema.

Na papo hapo mguu wake ukashuka.

Sijawahi kusikia breki ikikanyagwa vile. Gari lililia, likasimama kama limegonga ukuta, nami kifua kikaingia kwenye usukani. Mikanda halikuwa nayo. Gari la zama zile. Mwalimu alikwenda mbele mzimamzima. Nilisikia kioo. Nilisikia mfupa. Kisha kimya, na injini imezimika.

Kisha sauti ya mwanamume, mbele kabisa ya boneti, karibu kama ya mtu aliyekaa mapajani mwangu.

"Mama! Hata godoro hulioni? Godoro zima! Jekundu! Je, ungetumwa kutafuta sindano?"

Alikuwa mchukuzi wa magodoro, anavuka barabara na godoro jipya kichwani, bado liko ndani ya nailoni yake. Godoro jekundu, pana kama mlango wa ghala.

Sikuliona.

Ningeweza kuwaambia kwamba yalikuwa machozi, kwa yale aliyonisimulia Mwalimu. Mngenielewa. Lakini si machozi. Macho yangu yana mtoto wa jicho, yote mawili, na si tangu jana. Mchele nauchagua kwa vidole. Watu nawajua kwa sauti na kwa mwendo. Nilificha, kwa sababu mwanamke asiyeona hawezi kuachiwa mgonjwa, na wanangu wangelijua wangemchukua baba yao siku hiyohiyo.

Fundi alikuwa ameona jinsi nilivyompa mkono upande asikokuwa. Ndiyo maana alisema vile.

Nilishuka nikapiga magoti mbele ya mchukuzi, palepale kwenye lami. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

Lakini yeye alikwisha mwona Mwalimu, na mzaha ukamtoka. Alilitupa godoro chini.

"Inuka, Mama. Tumlaze Mzee hapa. Nyinyi, njooni mshike!"

Godoro lilelile nililotaka kulipitia ndilo walilomlazia mume wangu. Watu wakashika pembe, wakaenda naye mbiombio mpaka hospitali, nami nyuma nimeshika ncha ya nailoni ili nisipotee.

Daktari alimshona paji la uso. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, akamfunga mkono kifuani kwa kitambaa. "Ana bahati," akasema. "Ataumwa, lakini anaweza kwenda nyumbani. Ila umri, Mama. Umri huu haurudishi mfupa upesi."

Alisema vile kwa upole, akinitazama mimi, kama mtu anayeusemesha mfupa wenyewe.

Viatu vya Bosi nilivisikia tangu mwanzo wa korido. Nyuma yake dada yake, analia tayari.

"Mama, umeumia?"

"Kifua tu."

"Pole, Mama. Pole sana." Binti yangu alinikumbatia. Bosi hakukumbatia mtu. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, na sauti yake ikawa ya ofisini.

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mimi."

"Baba alikaa wapi?"

"Upande wa mwalimu."

"Nimepita pale barabarani. Alama za matairi ni za breki ya nguvu. Wewe ulikanyaga?"

"Alikanyaga baba yako."

"Mbele kulikuwa na nini?"

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo nilipoteleza.

"Sikuona kitu," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu. Na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kutamka.

Bosi alishusha pumzi ndefu. "Basi. Ndiyo yale niliyokuwa nawaambia. Mtu anakanyaga breki katikati ya barabara bila sababu yoyote. Angekuua, Mama."

"Baba hajui anachofanya," dada yake akalia.

"Ndiyo hivyo. Kutoka hapa anakwenda moja kwa moja kwangu. Nitamwekea kitasa cha nje kwenye chumba chake. Sitaki aamke tu akaenda kutafuta pedali." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa, "Na lile gari limekwenda. Lori lilifika uani halikukuta kitu, likalifuata palepale barabarani. Wamelikunja."

Kitasa cha nje. Gari limekunjwa. Na mwenye kulaumiwa amelala pale, amefungwa mkono, hawezi kujitetea kwa sababu hakumbuki alichotenda. Alimwokoa mtu, na mimi nimemgeuza kichaa.

Fikirini mahali pangu. Nikisema kweli, wataona mimi ndiye nisiyefaa kukaa naye. Nikinyamaza, anafungiwa. Njia zote mbili zinanitoa kwake.

Ndipo mtu akabisha hodi mlangoni mwa wodi.

"Samahani, jamaa. Nimeleta kiatu cha Mzee. Kilidondoka njiani." Nilimjua kwa sauti. Mchukuzi wa magodoro. "Na nimekuja kushukuru. Asingekanyaga Mzee, sasa hivi mngekuwa mnakwenda kumpa mke wangu pole."

Kiti cha Bosi kililia.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya gari."

"Mbele ya gari hakukuwa na mtu. Mama yangu alikuwepo, amesema hakuona kitu."

"Mimi nilikuwa na godoro..."

"Sikiliza, bwana. Mimi kazi yangu ni watu kama wewe. Ajali ikitokea tu mnaota kama uyoga. Huyu kagongwa mguu, huyu kagongwa baiskeli, huyu godoro. Nani kakutuma?"

Nilijua mchukuzi ananitazama. Kuna macho ambayo hata kipofu anayahisi usoni.

"Kama Mama kasema hivyo," akajibu polepole, "basi ni hivyo. Mimi nimeleta kiatu tu."

Alikiweka kiatu chini ya kitanda. Akageuka. Ndala zake zikaanza kuondoka, pap, pap, kuelekea mlangoni. Alikuwa ananisitiri, mtu ambaye nusura nimuue. Kilichobaki kwangu kilikuwa kunyamaza mpaka ndala zile zifike kwenye korido.

"Rudi, mwanangu," nikasema.

Ndala zikasimama.

"Bosi, huyu bwana hasemi uongo. Alikuwa mbele yangu na godoro jekundu kichwani, na sikumwona. Baba yenu alimwona. Baba yenu ndiye aliyekanyaga, na alikanyaga kwa akili zake timamu. Mimi ndiye sioni."

"Mama, unasema nini?"

"Nasema sioni. Mtoto wa jicho. Kote kuwili."

Bosi alinyanyua mkono mbele ya uso wangu. Niliuhisi upepo wake. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Ni mkono wa mtu asiye na adabu."

Mchukuzi alikohoa ili asicheke. Binti yangu aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Tangu lini, Mama?"

"Tangu baba yenu bado ananijua jina."

Hapo Bosi akalipuka. Sitayasimulia yote, ni mwanangu. Alisema asiyekumbuka analelewa na asiyeona, na sisi tunaita hiyo nyumba. Alisema amezika faili za watu waliouawa na vikongwe wasiokubali kuzeeka. Alisema ningeua mtu, na hilo lilikuwa kweli, na sikulijibu. Wagonjwa wa vitanda vingine walinyamaza kumsikiliza. Wengine walikuwa wazee kama sisi, na nilisikia mmoja akijigeuza kuelekea ukutani.

Kisha sauti yake ikashuka. Ni mtoto mzuri, Bosi. Nataka mjue hivyo. Ubaya wake ni kwamba hofu ikimshika anakuwa meneja.

"Sikiliza, Mama. Nina chumba kikubwa cha nyuma. Naweza kuwachukua wote wawili. Hutatengana na Baba. Hata sasa, gari langu liko nje."

Moyo wangu uliruka. Niliushika kwa mkono.

"Lakini nataka kitu kimoja. Uombe radhi. Kwa huyu bwana. Na kwetu. Useme ilikuwa makosa kumtoa Baba nyumbani, na kwamba kuanzia leo hutafanya jambo lolote kumhusu bila kuniuliza mimi."

"Huyu bwana nilimwomba barabarani," nikasema. "Kwa magoti. Na magoti yangu mnayajua."

"Ni kweli," mchukuzi akasema. "Na nilimsamehe."

"Bado sisi," akasema Bosi.

Ndipo kikasikika kitu.

Ko, ko.

Mwalimu alikuwa kitandani, kimya tangu tulipofika. Nilidhani dawa za daktari zimemlaza. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya chuma cha ukingo wa kitanda. Uligonga mara mbili, kisha ukatulia.

"Anataka maji," akasema binti yangu, akainuka kutafuta kikombe. Yeye alijifunza kwingine. Hakujua.

Lakini mimi nilisikia. Nilisikia visigino vya viatu vile vya ofisini vikiachana na sakafu. Vyote viwili, kwa pamoja. Na kutoka kwenye kiti kile, kwa sauti ndogo ya kijana niliyemzaa, kabla mwenyewe hajajua anasema nini, ikatoka:

"Chukua."

Bosi alikaa vile, mtu mzima wa suti, miguu hewani. Kisha viatu vikarudi sakafuni, kimoja baada ya kingine.

"Alikuwa anamgongea nani?" akauliza. "Mimi, au wewe?"

Nimelifikiri swali hilo tangu siku hiyo na sijapata pa kuliweka. Kama alimgongea Bosi, alimwambia: tuache, huyu ni wangu. Kama alinigongea mimi, alisema: mwanafunzi, nyanyua miguu, niache niende, usijiumize. Au pengine vilikuwa vidole vya mzee tu, kwenye chuma cha baridi.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

"Baba?" akaita. "Baba?"

Mwalimu alikuwa anapumua usingizini.

Bosi alisimama. Sauti ya ofisini ikarudi, lakini ilikuwa imepasuka mahali. "Mama, ni neno moja tu. Ukiomba radhi mnapanda wote. Usipoomba, Baba anapanda peke yake, nawe unakwenda kwa dada. Usinilazimishe. Tafadhali."

"Mama, sema tu," binti yangu akanishika mkono. "Ni neno. Halina uzito."

Halina uzito. Nikimwomba radhi leo kwa kumtembeza mume wangu, kesho nitamwomba ruhusa ya kumpa chai, na keshokutwa ya kumfungia vifungo. Nitakaa kwenye chumba kikubwa cha nyuma nikibisha hodi kwa mwanangu ili niguswe na mkono wa mume wangu.

Tangu nimjue yule mtu, tangu ile siku ya viatu mkononi, hakugonga tena mara mbili nisinyanyue miguu. Pale wodini niliikaza yote miwili sakafuni. Neno lile la "chukua" lilinifika kooni na nikalimeza.

Niliinama. Nilipapasa chini ya kitanda mpaka nikakipata kiatu. Nikapapasa shuka mpaka nikaupata mguu wake wa kulia, ule wa breki. Nikamvalisha, nikafunga kamba, ili hata akiondoka bila mimi asiende pekupeku.

"Siombi radhi," nikasema.